Kiboksi cha Mama Sista

Mwaka 1969, nikiwa na miaka tisa, shida iliingia nyumbani kwetu Goweko na haikupiga hodi. Baba alifariki tumbaku ikiwa bado banini, kwenye banda la kukaushia, haijakauka. Nilikuwa darasa la pili. Sikurudi shuleni hata kuchukua daftari langu. Mjomba alinileta Tabora mjini kwa fundi bati mmoja, mzee wa Kiislamu mwenye ndevu za hina, akamwambia, "Huyu anakula kidogo." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuombea kazi.

Kusoma ninasoma, polepole, kidole kikitangulia. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari kubwa, na aliyeyapiga chapa nimemkataza asinitengenezee maneno.

Kwa yule mzee nilijifunza kukata bati, kulikunja, kulipigia misumari ya ribiti na kulipaka rangi. Nilipopata karakana yangu nikachagua kitu kimoja: masanduku. Yale ambayo wanafunzi wa bweni wanayaita tranka. Tabora ni mji wa shule, na kila shule zikifunguliwa wazazi hupanga foleni mlangoni kwangu. Wako madaktari na wanajeshi wakubwa ambao soksi zao za kwanza zilifungiwa kwenye sanduku langu. Sanduku langu halipitishi maji, halipitishi mchwa, halipitishi mkono wa mtu. Sifa hiyo nilijipa mwenyewe na ndiyo iliyoniponza.

Mimi na mke wangu tuna watoto watano. Wa mwisho ni binti. Miaka tisa iliyopita alituambia anakwenda utawani. Mama yake alipiga vigelegele. Mimi niliuliza kama huko watampa chakula cha kutosha. Tangu siku ile mtaa mzima unamwita mke wangu Mama Sista, na mimi Baba Sista. Mwaka huu ikaja barua: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Sista ataweka nadhiri za daima. Kwa asiyejua, zile za mwanzo ni kama uchumba. Hizi ndizo ndoa yenyewe, hakuna kurudi.

Konventi yao iko kusini, siku mbili kwa basi. Mke wangu aliteleza kisimani mwaka juzi akavunjika nyonga, na daktari amemkataza kukaa kitini safari ndefu. Akaniambia, "Nenda wewe, Baba Sista. Mmoja wetu amwone." Akachukua shati langu jeupe akaanza kulipiga pasi. Nikamtazama. Alikuwa anapiga pasi mfuko uleule mmoja, mara kumi.

Nikasema, "Weka chini hiyo pasi. Siku ya kumbatiza tulisimama wawili. Na hii tutaiona wawili."

"Kwa macho gani?" akauliza.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Macho yake yana ukungu. Picha ya kwenye simu kwake ni doa tu. Lakini Sista alikuwa ametwambia kwamba sherehe itarushwa mtandaoni, kama wanavyorusha misa yao kila Jumapili. Nikamwambia, "Kwa televisheni. Kubwa, hapahapa sebuleni kwako. Nakuahidi."

Nami ni mtu ambaye nikiahidi sanduku Ijumaa, Ijumaa unalichukua.

Sasa nieleze hiyo televisheni inavyoonyesha mambo ya mtandaoni. Kuna kiboksi cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kijana wetu wa kwanza, dereva wa malori huko Dar es Salaam, alituletea miaka saba iliyopita. Kiboksi kinachomekwa kwenye televisheni. Kinapokea intaneti kutoka kwenye rauta, na rauta inaipata hewani kwa laini kama ya simu. Kilipokuwa kipya kilikwenda mbio. Siku hizi kilikuwa kimezeeka: unabonyeza rimoti, kinafikiri kwanza. Sikukilaumu sana. Na mimi ukiniita, nafikiri kwanza.

Lakini tangu mwezi wa nne hakikuwa kinafikiri tena, kilikuwa kinalala. Ukifungua kitu, katikati ya kioo kinatokea kiduara, kinazunguka, kinazunguka, kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Na mwezi wa nne ndio mwezi niliotengeneza sanduku la rauta.

Nilikuwa na sababu. Panya walitafuna waya wa rauta. Wiki hiyohiyo mwizi akapitisha mkono dirishani kwa jirani akaondoka na redio. Mimi nikae na rauta mezani kama embe la sokoni? Nikakata bati zito, nikatengeneza kisanduku kizuri, kifuniko kinakaa kama kope, tundu moja la waya, kufuli la shaba. Nikakipaka kijani na maua mawili mekundu. Rauta ikaingia ndani, ufunguo ukaingia mfukoni. Wageni wote walikisifu.

Jumapili, siku sita kabla ya nadhiri, tukasema tufanye majaribio kwa misa ya konventi. Mke wangu alivaa kitenge cha kanisani. Masomo tuliyapata vipandevipande, padre akisema neno moja akiganda, akisema jingine akiganda. Tukafika mageuzo. Padre akainua hostia, mke wangu akapiga magoti, kiduara kikatokea. Padre akabaki mikono juu.

Nikasubiri. Mke wangu naye akasubiri, ameinamisha kichwa, maana padre hajashusha mikono. Chai yangu ikapoa. Nikamwambia, "Mama Sista, inuka, imekwama."

"Siinuki mbele ya Ekaristi."

"Ni kiduara hicho, si Ekaristi!"

"Nyuma ya kiduara kuna nini?"

Alikaa pale magotini mpaka ile nyonga ikafunga kabisa. Nilimwinua kwa kumkumbatia kama gunia la karanga, na wakati namweka kwenye kochi nikaona machozi. Akasema si ya maumivu. Akasema, "Jumamosi itakuwa hivihivi. Nitaona mikono ya padre, mtoto sitamwona." Halafu akakielekezea kidole kisanduku changu cha kijani. "Tangu ulete hilo bati lako humu ndani."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye amesoma wapi mambo ya umeme. Yeye alifika darasa la saba, mimi la pili, kwa hiyo lilikuwa swali la kijinga.

Jumatatu nikapiga simu huduma kwa wateja. Kwanza wakanichezea muziki. Kisha akaja binti mwenye sauti ya asali.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Pole kwa changamoto. Naomba uniangalizie, taa ya mbele ya rauta inawaka rangi gani?"

Rauta ilikuwa sandukuni, ufunguo ulikuwa kwenye suruali nyingine, na mimi nilikuwa nimeshakaa. Nikasema, "Kijani."

"Una uhakika, mzee wangu?"

"Binti, mimi nimeoa kabla mama yako hajazaliwa."

"Sawa, mzee wangu. Na rauta imewekwa sehemu ya wazi, juu kidogo?"

"Imewekwa mahali pazuri kuliko pote katika nyumba hii."

Wala sikudanganya, ndivyo nilivyoamini. Akaniambia nizime kila kitu, nihesabu polepole mpaka sitini, niwashe tena. Hapo nikalazimika kutafuta ufunguo. Nilipofungua nikakuta taa ni ya chungwa. Sikumpigia tena kumwambia. Nikazima, nikahesabu, nikawasha, nikafunga na kufuli. Intaneti ikaenda vizuri kwa muda wa maharage kuchemka mara ya kwanza, kisha mbuzi akarudi kwenye kamba yake.

Jumatano kijana wetu alipiga simu akiwa ameegesha lori njiani. Mke wangu akaishika simu kwa sauti ya juu, mimi nikashika rimoti. Akasema, "Baba, hicho kiboksi kimezeeka, tumbo limejaa. Lazima tukitoe taka. Kiguse kwanza, kina joto?"

Nikanyanyua kitambaa. Mke wangu anafuma vitambaa. Televisheni ina chake, redio ina chake, hata jagi la maji. Kiboksi kilikuwa na kitambaa cheupe chenye kingo za waridi, kimefunikwa mpaka miguuni. Nilikigusa nikatoa mkono haraka. Ungeweza kukaangia yai.

"Kinaunguza," nikasema.

"Mama, umekivalisha sweta?"

"Nimekisitiri na vumbi," mke wangu akasema. Lakini alikitoa kile kitambaa mwenyewe, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani. Akanitazama. "Mimi nimetoa changu. Wewe unatoa nini?"

Nikajifanya natafuta miwani.

Kijana akaendelea kuelekeza. "Baba, tafuta picha ya gurudumu lenye meno. Ingia hapo. Shuka chini. Unaona orodha ya programu? Zile msizotumia, futa." Tukazikuta nyingi ajabu. Wajukuu wakija likizo wanajaza michezo humo: magari, mpira, nyoka anayekula matufaa. Maandishi yote ya Kizungu, kidole changu hakifiki kwenye kioo, basi nikawa naangalia picha. Nikafuta gari. Nikafuta nyoka. Nilianza kunogewa, unajua, ni kama kufagia karakana. Nikafuta kitu chenye nyota, nikafuta kitu chenye pembe tatu.

"Hiyo ya pembe tatu usiiguse," kijana akasema, "ndiyo ya kuangalizia misa."

Mke wangu akanisogezea simu mdomoni ili nijibu mwenyewe.

"Nimeifuta," nikasema.

"Haya, si neno, Baba. Unaivuta upya. Ni dakika mbili."

Dakika mbili za Dar es Salaam. Saa kumi jioni ilikuwa imefika tatu katika mia. Tulipokwenda kulala ilikuwa saba. Alhamisi asubuhi nikaikuta saba vilevile, na mke wangu amekaa mbele yake anaitazama kama mtu anayemwuguza mgonjwa. Siku mbili zimebaki. Hatukuwa tena na televisheni inayokwama. Tulikuwa na televisheni isiyo na kitu kabisa, na aliyeifanya hivyo ni mimi. Hakunisema. Angenisema ningepata nafuu. Nikafungua sanduku nizime rauta niwashe tena, na kabla sijafunga nikaitwa karakana: mzazi amekuja kuchukua masanduku mawili. Nikatoka nikaacha kifuniko wazi.

Hapa anaingia mtani wangu. Ni fundi cherehani, nyumba yake na yangu zinatazamana madirisha, hatua kama kumi na tano. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Zamani za misafara babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, babu zao wakawapokea kule, wakagombana, wakapatana, na mapatano yenyewe ndiyo utani. Babu yake alifuata msafara akapanda nao huku, akanogewa na asali, hakurudi. Utani una sheria. Mtani akikutukana hukasiriki. Akiingia kwako akabeba kitu, humwiti mwizi, unakwenda kukikomboa. Mwaka wa jana alichukua viatu vyangu vya Pasaka. Mimi niliwahi kumchukulia kofia yake siku ya Idi.

Niliporudi kutoka karakana nikaenda moja kwa moja sandukuni. Rauta haimo. Ndani kuna boga, limelazwa vizuri, limefunikwa kitambaa cha kingo za waridi.

Nilipiga kelele ambayo nadhani mpaka kijijini Ntalikwa waliisikia. "Mama Sista! Rauta iko wapi?"

"Nyamaza," mke wangu akasema kutoka sebuleni, "nasikiliza."

Anasikiliza nini? Nikaingia. Kwenye televisheni kulikuwa na kwaya ya masista wa konventi ya mwanetu, ile waliyorekodi Pasaka, wanaimba wanayumba. Haigandi. Unaona mpaka pengo la meno la yule wa mbele. Ile programu ilikuwa imeingia yote, mia kwa mia, na mke wangu alikuwa ameiwasha mwenyewe.

"Nani ametengeneza?"

"Sijui. Mtani wako alipita hapa akacheka, akatoka na kitu. Mara ile namba ikaanza kukimbia."

Nikasimama katikati ya sebule. Rauta haimo nyumbani mwangu na intaneti imo. Nimeishi miaka mingi na sijawahi kuona mtu anaibiwa ng'ombe halafu maziwa yanaongezeka.

Nikavuka. Mtani alikuwa barazani kwake, mguu kwenye cherehani. Rauta yangu ameining'iniza kwenye msumari wa dirisha, pamoja na futi yake ya kupimia, waya umechomekwa ndani, taa kijani kabisa.

"Karibu, mchukuzi," akasema. "Leo umekuja bila mzigo?"

"Nipe kitu changu."

"Kitu gani? Mimi nimekuta mfungwa analia gizani, nikamtoa nje apate hewa. Ukimtaka, leta jogoo. Yule mwekundu, si yule mgonjwa uliyenipa mwaka jana."

"Mzaramo, jibu swali. Hii umeifanya nini?"

"Nimeitundika. Kuna zaidi?"

"Na kwangu inafanya kazi."

"Kwako haipo. Nimeiweka hapa."

"Ndiyo maana nakuuliza!"

Akasimamisha cherehani. Akaitazama rauta, akatazama dirisha langu, kwaya ikasikika inatoka kule. Nilimwona anaelewa, na nikajua nimekwisha. Alianza kucheka kwa puani, kisha tumbo, kisha miwani ikaanguka kwenye suruali ya mteja.

"Jamani njooni!" akaita mtaa mzima. "Njooni mumwone Mnyamwezi aliyejiibia mwenyewe! Kaifunga intaneti kwa kufuli, halafu anapiga simu kuuliza imekwenda wapi!"

Wakaja. Muuza mkaa akaja, mama wa vitumbua akaja na mwiko mkononi. Nilitaka kusema ni bahati tu, hali ya hewa imebadilika.

Jogoo mwekundu nilimpeleka jioni ileile. Nikarudi na rauta, na kwa sababu mimi ni fundi, siamini kitu mpaka nikipime. Nikaiweka sandukuni, nikafunga kifuniko. Kiduara. Nikafungua kifuniko. Masista wakaimba. Nikafunga. Kiduara.

"Funga tena nione," mke wangu akasema.

Nikafunga. Kiduara.

"Tena."

Mara ya nne ndipo nikajua ananicheka. Sauti haikutoka, lakini kochi lilikuwa linatikisika.

Nilijaribu kuliokoa sanduku, sitaficha. Ijumaa asubuhi nililipeleka karakana nikalitoboa matundu, kwanza kumi, halafu arobaini, likawa kama chujio. Intaneti ikawa afadhali kidogo, padre akaganda kila baada ya sala mbili badala ya kila neno. Nikachukua mkasi wa bati nikakata ubavu mmoja. Afadhali kidogo tena. Nikasimama na mkasi mkononi nikitazama ule ubavu wa pili, rangi yake nzuri, maua yake mawili, na nikajiambia ukweli ambao mke wangu alinipa tangu Jumapili bila malipo: halipitishi maji, halipitishi mchwa, halipitishi mkono wa mtu, na intaneti nayo halipitishi. Bati lilikuwa linafanya kazi yake. Aliyekosea kazi ni fundi.

Sikuomba msamaha kwa mdomo, mdomo wangu haujazoea. Nilichukua kikapu chake cha ukindu, nikatia rauta ndani, nikakitundika kwa kamba kwenye kenchi ya paa, kama wazee walivyokuwa wanatundika mbegu panya wasifike. Nikamwuliza, "Hapo panakufaa, au nisogeze?"

"Sogeza kushoto kidogo," akasema.

Hapakuwa na haja yoyote ya kusogeza kushoto. Nikasogeza.

Jumamosi, saa nne asubuhi, tulikuwa tayari. Shati langu jeupe nililipiga pasi mwenyewe. Mke wangu alikaa kwenye kiti cha mbao chenye mito miwili, hatua tatu tu kutoka kwenye kioo. Mtani alikuja na kanzu mpya. Sista alipokwenda shule siku ya kwanza, sare alishona yeye, kwa hiyo alisema naye ni mzazi wa nguo. Alikaa kwenye mkeka akakunja miguu.

"Yule ni yeye?" mke wangu akawa anauliza kila sista akipita.

"Bado."

"Yule?"

"Huyo ni mnene. Bado."

Walikuwa saba. Mwanetu alikuwa wa tano, ameshika mshumaa, na mke wangu safari hiyo hakuuliza. Alimjua kwa mwendo. Anatembea kama bibi yake wa kule kijijini Lusu, bega moja mbele.

Padre akawaita mmoja mmoja, kila mmoja akaitika. Kisha wote saba wakalala kifudifudi kwenye sakafu mbele ya altare, wamefunikwa kitambaa kirefu. Kwaya ikanyamaza. Na picha ikaganda.

Hakuna kinachotikisika pale kanisani, si mtu, si nguo, si mkono. Niliruka kutoka kwenye kochi nikaifikia kamba ya kikapu. Mtani naye akasimama akaanza kufungua dirisha, sijui alitaka intaneti iingilie pale. Nikamwambia apeleke rauta kwake, kimbia! Akasema nifungulie kamba basi, mzee! Fundo nililifunga mwenyewe, na fundo langu halifunguki.

"Kaeni chini," mke wangu akasema.

"Imekwama, Mama Sista! Tunaitengeneza!"

"Haijakwama. Wamelala. Tazama mshumaa."

Tukatazama. Kwenye kona ya kioo, juu ya altare, mwali wa mshumaa ulikuwa unacheza. Mwanamke mwenye ukungu machoni ndiye aliyeuona. Kisha ikaanza Litania ya Watakatifu, sauti moja ikitaja, kanisa zima likijibu, na wale saba wamelala vilevile. Mimi na mtani tukarudi kukaa, kila mtu mahali pake, kama wanafunzi waliokamatwa.

Akasimama mwanetu. Akapiga magoti mbele ya mama mkuu, akasoma karatasi yake. Sauti yake ilitoka safi mpaka pumzi tulizisikia. Alisema anaahidi mbele ya Mungu, kwa maisha yake yote, useja, ufukara na utii. Mke wangu alikuwa amenishika mkono, nami nilikuwa sijui tangu saa ngapi. Hakulia. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na ya mtoto, neno kwa neno, kama anamfundisha kuongea upya.

Ilipokwisha, mtani akafuta miwani yake kwa pindo la kanzu. Akasema, "Mnyamwezi, umegonga bati miaka zaidi ya hamsini ukiukimbia ufukara. Binti kauapia mbele za watu."

"Na hakuna mahari niliyopata," nikasema.

"Na jogoo umepoteza."

Tukacheka, lakini neno lile nilikaa nalo mpaka alasiri.

Alasiri Sista alipiga simu. Mama yake aliongea kwanza, muda mrefu, akamweleza mpaka rangi ya kile kitambaa walichofunikwa. Nilipopewa simu, akauliza, "Baba, mliniona kweli? Mtandao wenu haukusumbua?"

"Tulikuona. Hakuna kilichosumbua."

Mke wangu akakohoa.

"Basi Baba, sasa sina changu hata kijiko," akasema, na alikuwa anacheka kwa furaha, mtoto wa mwanaume aliyefika mjini hana viatu. "Kila kitu ni cha wote."

Nikamwambia, "Sawa. Mimi ninavyo. Nitakuandikia uvijue, usije ukafikiri umetoka kwa watu wasio na kitu." Orodha hiyo, hii hapa chini, ndiyo niliyoanza kuandika, mengine yote yamekuja yenyewe.

Nyumba moja ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na sebule, paa niliezeka mwenyewe.

Karakana, mlango mmoja, eneo langu, hati ninayo.

Mikasi ya bati mitatu, nyundo sita, chuma cha kukunjia kimoja nilichorithi kwa yule mzee wa ndevu za hina.

Masanduku kumi na manne yaliyokwisha, na mengine mawili hayajapakwa rangi. Moja lenye matundu arobaini na ubavu mmoja, mke wangu anahifadhia vitunguu, anasema vinapata hewa.

Shamba Goweko, ekari nne, karanga na mihogo.

Mizinga ya nyuki kumi na moja, miwili mitupu.

Mbuzi watano. Kuku sijui, hawatulii.

Televisheni moja, kiboksi kimoja cha miaka saba, rauta moja.

Suti moja ya kijivu. Kochi moja refu na viti viwili.

Baiskeli moja, breki ya nyuma haishiki.